Tule tunywe kesho tutakufa: Isaya alikuwa anakataza nini khasa?

Sie Wakristo wa Pemba ni wachache lakini msimu wa karafuu ukifunguka lazma utalisikia neno la nabii Isaya kwenye Biblia, sura ya 22, wale watu wa Yerusalemu waliochinja ng'ombe na kondoo wakasema tule tunywe kesho tutakufa, na mahubiri karibu yote yanaishia pahala pamoja, wekeni akiba acheni anasa. Nakubali nusu tu.

Rudi nyuma kidogo sura ile ile, mstari wa 9 mpaka 11. Wale watu hawakuwa wazembe hata kidogo, walihesabu nyumba, wakabomoa nyengine ili waimarishe ukuta, wakatengeneza birika la maji baina ya kuta mbili, yani kujiandaa walijiandaa kuliko wengi wetu. Isaya anachowalaumu ni kwamba hawakumuangalia Mungu aliyeyapanga hayo tangu zamani, na siku walioitwa walie na wavae magunia wao ndo wakaandaa karamu. Sasa aya kama hii unaigeuzaje iwe somo la benki?

Na wanaotetea karamu wana hoja. Mhubiri 8:15 anasifu kula na kunywa na kufurahi, tena waziwazi. Huku kwetu mtu akipata pesa za karafuu akaoza binti yake akalisha mtaa mzima, usikimbilie kusema kafuja, mana hawa aliowalisha ndo watakaomchangia siku akilazwa, na karafuu hazizai sawasawa kila mwaka.

Kinachoniuma miye ni kukodisha mikarafuu. Mtu anapokea pesa za miti ambayo hata haijachanua, kwa bei ya shida, ananunua simu na makochi, msimu ukija anakaa barazani anatizama wenziwe wakianika majamvini karafuu za miti alioachiwa na babu yake, yeye hata makonyo, vile vijiti vya karafuu, hana. Huyu ni Esau wa Mwanzo 25 aliyeuza uzaliwa wake wa kwanza kwa dengu, na angalia alivyojitetea, nakaribia kufa haki hii itanifaa nini, hoja ile ile ya Yerusalemu! Kifo kinatajwa ili mtu asidaiwe chochote na watakaobaki.

Na mkarafuu unataka miaka 6 mpaka 8 ndo uanze kuzaa. Toka dhoruba ya 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndo inaongoza kwa karafuu, lakini mingi ya miti tunayochuma imeshazeeka na miche serikali imekuwa ikigawa bure, kwa hiyo kabla ya kuulizana nani kachinja ng'ombe wangapi tuulizane nani kapanda miche.

Ila aliyekodisha kwa sababu mtoto yuko hospitali na hana pa kukopa simuiti Esau hata kidogo. Hapo mahubiri yaelekezwe kwa yule mwenye pesa aliyeichukua mikarafuu yake kwa bei ya kutupa, na bahati mbaya huyo mara nyingi yuko safu ya mbele na hakuna anayemgusa.