Milioni 15 au milioni 20? Hesabu ya wasikilizaji wa Rush Limbaugh

Rush Limbaugh, mtangazaji maarufu wa redio wa mrengo wa kulia nchini Marekani, alifariki Februari 17, 2021, na hadi leo wanaomsimulia hawakubaliani alikuwa na wasikilizaji wangapi kwa wiki. Wapo wanaosema milioni 15, wapo wanaosema 20 na zaidi. Watu milioni tano si kosa la kalamu.

Kipindi chake kilirushwa na vituo zaidi ya 600 vya Marekani, lakini upimaji wa redio kule hufanywa soko kwa soko, mji kwa mji. Idadi ya nchi nzima iliyokuwa ikinukuliwa sana ilitoka jarida la Talkers, linaloandika kuhusu vipindi vya mazungumzo redioni, nalo halikuficha kwamba linakadiria. Halafu hesabu ya wiki yenyewe ni pana mno: ukisikiliza dakika tano tu ndani ya robo saa, umeshaingia. Dereva aliyekwama kwenye foleni ni mmoja, na fundi aliyeacha redio wazi gereji tangu saa sita mchana hadi saa tisa, siku zote tano, naye ni mmoja.

Zamani Arbitron, kampuni ya kupima wasikilizaji, iligawa vijitabu vya karatasi vya kujaza kwa wiki nzima. Mfikirie shabiki usiku wa mwisho, anajaza kwa mkupuo: Rush, saa sita hadi saa tisa, Jumatatu mpaka Ijumaa, hata ile siku aliyoshinda kwa daktari wa meno. Mwaka 2007, kuanzia Philadelphia na Houston, kikaja kifaa cha kuvaa kiunoni kinachonasa alama ya sauti isiyosikika na sikio. Kifaa hakina mapenzi na mtu. Ila nacho kinanasa redio ya dukani ambayo mteja hana habari nayo, na kusikia si kusikiliza.

Wanaombeza wana hoja nyingine, nzito zaidi kwa maoni yangu. Msambazaji wa kipindi, Premiere, alikuwa chini ya Clear Channel, kampuni iliyomiliki mamia ya vituo. Bidhaa ikiwa kwenye kila rafu, kuuzika kwake hakushangazi.

Hata hivyo rafu peke yake haitoshi. Air America, mtandao wa redio wa waliberali, ulianza 2004 ukafa 2010. Na mwaka 2008 Limbaugh alisaini mkataba ulioripotiwa kufikia dola milioni 400 kwa miaka minane. Wafanyabiashara hawamwagi fedha za namna hiyo kwa wapita njia. Wabunge wapya wa Republican waliochaguliwa 1994 walimfanya mwanachama wa heshima wa kundi lao, kwa sababu wasikilizaji wake walikuwa wapiga kura. Ndiyo maana naona milioni 15 za watu wa aina hiyo zilitosha, na ugomvi juu ya tano za ziada uliwahusu zaidi wauza matangazo. Hao nao walionja uchungu 2012, alipomtukana mwanafunzi wa sheria Sandra Fluke: watangazaji wa biashara walikimbia, wasikilizaji wakabaki.

Baada ya kifo chake saa zile ziligawanywa. Premiere iliwaweka Clay Travis na Buck Sexton. Cumulus, kampuni nyingine ya redio, ikamweka Dan Bongino, ambaye mwaka 2025 aliacha maikrofoni akawa naibu mkurugenzi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Cheo hicho hakukipata kwa jedwali la Nielsen, kampuni iliyoinunua Arbitron.