Leseni saba, vidole sifuri

Nimeambiwa sina vidole.

Vipo, kumi vyote, ndivyo ninavyoandikia hapa. Lakini leo saa kumi na mbili asubuhi, hata chai sijaitia mdomoni, imeingia barua pepe ya bodi ya famasia ya jimbo fulani (jina nalihifadhi, faili langu bado liko mezani kwao) kwamba alama za vidole vyangu "hazikusomeka", nikachukuliwe upya. Mara ya tatu hii. Na ada nilipe upya. Hilo wameliandika kwa herufi nzito.

Mimi si mtu wa kubabaishwa na barua. Mimi ni mfamasia wa majimbo saba ya Marekani, kila moja na leseni yake. Kentucky ninakoishi, Indiana, Ohio, Tennessee, Illinois, Texas na Florida. Balozi mzima anawakilisha nchi moja tu, mimi nina saba na gari halina bendera. Famasia yetu hutuma dawa kwa posta, na dawa ikishavuka mpaka, wenye jimbo wanataka kumjua aliyeikagua. Haki yao. Bosi akasema tunaongeza la nane, ndilo hili la barua, nikaitikia sawa, kwa sauti ya kibalozi kabisa.

Basi mchana nimekwenda kituo cha vidole. Binti wa pale ana kucha ndefu kama vijiko vya chai, akaniambia weka gumba. Nikaweka. Skana ikaguna, taa nyekundu. Weka tena. Nyekundu. Akakishika kidole changu akakiminya kwenye kioo kama mtu anayepima embe sokoni. Nyekundu.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

Mzee! Nina miaka arobaini na sita. Nikamwambia nahesabu vidonge, na kwa siku napaka sanitaiza mara ambazo yeye hajaosha uso mwaka huu. Na kabla ya vidonge, vidole hivi vilichambua karafuu Pemba, msimu hadi msimu. Mistari yake iko kule, kwenye makonyo. Hakucheka. Akanipaka losheni, akaifuta, akanipaka tena.

Nyuma yangu foleni imeshafika mlangoni. Kuna dereva wa basi la shule, anakohoa kile kikohozi kisicho cha ugonjwa. "Afute kwenye suruali!" Nikafuta kwenye suruali. Nyekundu. Akaitwa msimamizi, kaja na kikombe chake cha kahawa, akakitazama kidole changu kwa huruma, akasema nikipulizie pumzi ya moto, kama ninayesafisha miwani. Haya, mfamasia wa majimbo saba nimesimama kadamnasi, nakipulizia kidole gumba changu mwenyewe. Haaa. Haaa.

Kijani! Dereva wa basi akapiga makofi. Binti akasema vizuri sana, bado tisa.

Na kilichogoma kuliko vyote ni kidole cha shahada. Hicho nakinyosha kila siku katika sala zote tano, mbele ya Mola wangu hakijawahi kukataliwa, kimekuja kukataliwa na skana yenye mkanda wa selotepu pembeni.

Hapo ubalozi ukanitoka. Nikauliza, jamani, Texas si wanazo alama zangu? "Hizo ni za Texas." Serikali kuu je? Ilivichukua nilipoomba grini kadi, ikavichukua tena nilipoomba uraia. Binti akasema hiyo ni idara nyingine. Sasa mimi ninaota vidole vipya kila nikivuka mto? Nimwage damu? Nikajikuta nimepandisha sauti, na mlinzi naye ameshasogea, nikakumbuka kwamba pale nimekuja kuthibitisha kuwa mimi si mhalifu.

Wakanipa kadi ya FD-258, ile ya karatasi na wino. Sandwichi yangu ya mchana ina alama zote kumi, zinasomeka vizuri.

Na mto, huo wa Ohio unaotenga Kentucky na Indiana, nimeutaja kwa sababu. Gabapentini, dawa ya mishipa ya fahamu ambayo wazee wengi wanaitumia, hapa Kentucky ni ya kudhibitiwa tangu 2017, kila ikitoka inaandikwa kwenye mfumo uitwao KASPER. Ng'ambo, Indiana, haimo katika orodha ya kudhibitiwa. Kutoka Louisville kwenda Jeffersonville kuna daraja la waenda kwa miguu, unavuka na aiskrimu haijayeyuka. Mama mmoja wa Kivu, mteja wetu, nilipomweleza kwa nini ya binti yake wa ng'ambo inakuja bila maswali na yake ina maswali, akaniuliza, "Sasa mutoto yangu, ni mimi mugonjwa ao ni mto?" Sheria za majimbo saba ninazo kichwani, jibu la hilo sina.

Mtihani wa sheria za famasia wa kupata leseni, MPJE, ni maswali 120 kwa saa mbili na nusu na ukishajibu hurudi nyuma. Na katika majimbo yangu, kila moja na wake. California nimeiachia wenyewe, ina mtihani wake peke yake.

Kuhuisha leseni je? Kentucky wanataka mwisho wa Februari kila mwaka. Indiana, tarehe 30 Juni, miaka ya shufwa. Texas ni mwezi uliozaliwa, kwa hiyo kila mwaka wa pili keki yangu inakuja na ankara. Florida lazima inisomeshe saa mbili za makosa ya dawa, na kosa la kwanza nililifanya mimi kuomba leseni ya Florida.

Jioni nikampigia mdogo wangu Wete, nipate wa kunionea huruma. Nimesema yote, vidole, wino, dereva wa basi. Kimya. Kisha:

"Kaka, hizo leseni saba, ina maana mishahara saba?"

Nikamwambia mmoja. Akasema sawa kaka, kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini hata chembe, akaingiza habari za bati. Paa la jikoni kwa mama linavuja upande wa kisimani. Yeye anataka geji 30, eti bei yake ndogo. Nikamwambia thubutu, kusi ikivuma bati hizo utazikuta kwa jirani. Chukua 28, na misumari ile yenye mpira, sio ile ya mwaka juzi. Akauliza bati ngapi. Nikaanza kumhesabia kwa vidole.