Hesabu ya pamba

Fundi anayenishonea foronya za ndani za mito ya usufi hunituma kila mara kitambaa kilekile: marekani, ile nzito isiyopaushwa, maana nguo nyepesi usufi huipenya. Wazee wengine huiita merikani, na Kenya nimesikia amerikani. Nimeinunua miaka nenda rudi bila kujiuliza jina lake limetoka wapi, na siku nilipojiuliza jibu likawa jepesi hata nikaona haya. Ilitoka Marekani, basi.

Ilitoka hasa kwenye viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa merikebuni katika bandari ndogo iitwayo Salem, ikazungushwa Rasi ya Tumaini Jema hadi Unguja. Merikebu zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na 1837 konsuli wao alikuwa ameshafika Unguja, miaka minne kabla ya yule wa Uingereza. Na pamba yenyewe? Massachusetts haioti, kule ni theluji. Ilitoka majimbo ya Kusini, ikapandwa na kuchumwa na watumwa weusi.

Sasa katika Salem hiyohiyo, mwaka 1826, alizaliwa mtoto mweusi, huru, jina lake Sarah Parker Remond. Laiti ningefundishwa jina hili shuleni. Mimi historia ya kukomeshwa kwa utumwa niliisoma kama orodha ya Wazungu wema: Wilberforce, Livingstone, halafu mkataba ambao Sayyid Barghash alibanwa akautia saini Juni 1873, kengele ikalia, tukaenda kula. Watu weusi walikuwamo kitabuni, lakini kwenye picha, shingoni wana minyororo, na hakuna aliyesema neno.

Kumbe walisema, na walilipiwa nauli wakaseme ng'ambo. Miaka ya 1840 na 1850 kumbi za Uingereza, Scotland na Ireland zilijaa watu waliokuja kuwasikiliza Wamarekani weusi. Henry Brown alijitia ndani ya kasha akasafirishwa kama mzigo kutoka Richmond hadi Philadelphia mwaka 1849, saa 27 humo ndani, kisha akaja kuwasimulia Waingereza. Ellen Craft, ambaye rangi yake ilikuwa nyeupe kiasi cha kudhaniwa Mzungu, alitoroka Georgia mwishoni mwa 1848 akiwa amevaa kama bwana tajiri mgonjwa, mumewe William akijifanya mtumwa wake. Mkono aliufunga bendeji akautundika shingoni, kwa kuwa hakujua kuandika na hotelini wageni hutia saini. Hadithi za namna hii watu walizipenda sana, na ni haki yao.

Ila Frederick Douglass aliona mtego ndani yake. Alitoroka utumwani Maryland mwaka 1838, na 1841 alipoanza kupanda majukwaani kuupinga utumwa, wenzake Wazungu walimwambia atoe yaliyompata, falsafa awaachie wao. Wakamshauri hata lugha yake iwe na kidogo cha shambani, la sivyo watu hawataamini kwamba aliwahi kuwa mtumwa. Fikiria! Mtu amejifundisha kusoma kwa kuiba herufi mitaani Baltimore, halafu rafiki zake wanamsihi asiongee vizuri sana. Jibu lake lilikuwa kuandika kitabu mwaka 1845 na kumtaja bwana wake kwa jina, jambo lililomweka hatarini hata ikabidi avuke bahari kwenda Ireland na Uingereza. Marafiki wa huko walimnunulia uhuru wake kwa pauni 150, na wapo wapinga utumwa waliomlaumu, wakisema kumlipa mwizi ni kuuhalalisha wizi. Mimi lawama hiyo ningeisikiliza zaidi kama ingetoka kwa mtu aliyekuwa hatarini kukamatwa.

Hapo ndipo namweka Remond mbele ya wote, na najua mashabiki wa Douglass watanibishia. Yeye hakuwa na kovu la kuonyesha. Hakuwahi kuwa mtumwa. Alijua kufukuzwa: alikataliwa shule kwao Salem kwa rangi yake, na 1853 huko Boston, tiketi ya opera anayo mkononi, akatakiwa aende kukaa upande wa weusi. Alipogoma akasukumwa hata akaanguka kwenye ngazi. Akawashtaki, akashinda, akalipwa dola 500. Lakini ng'ambo hakuna aliyekata tiketi kumsikiliza mtu akisimulia habari ya kiti cha opera. Ikabidi alete kitu kingine.

Aliwasili Liverpool Januari 1859. Alizungumza waziwazi, mbele ya mabibi wa Kiingereza waliolelewa kutotaja mambo hayo, kuhusu wanachofanyiwa wanawake watumwa na mabwana zao. Wanawake wa Warrington wakampa saa iliyochorwa maneno ya kumwita dada yao. Kisha Septemba akafika Manchester, mji ulioishi kwa pamba, na hapo akafungua daftari. Aliwaambia kwamba anapotembea mitaani mwao na kukutana na mizigo ya pamba, mmoja baada ya mwingine, huyakumbuka mashamba 80,000 yaliyoizalisha, pamba ya dola milioni 125, na kwamba katika fedha hizo hakuna hata senti moja iliyofika mikononi mwa waliofanya kazi.

Soma tena. Hakuwaomba machozi. Wanaolia kwenye mhadhara hukausha macho wakiwa njiani kurudi nyumbani, lakini mfumaji wa Manchester kesho yake asubuhi aliishika pamba ileile kwa vidole vyake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini na Kusini, vilipoikata pamba hiyo na njaa ikaingia Lancashire, mkoa wa Manchester na viwanda vyake, mkutano wa wafanyakazi wa Manchester ulimwandikia Rais Lincoln, siku ya mwisho ya 1862, kwamba wako pamoja naye dhidi ya utumwa, naye akawajibu Januari. Siyo kwamba Lancashire nzima ilikuwa upande wake. Wapo waliotaka Kusini washinde ili viwanda vifunguliwe. Na sidai hotuba moja ndiyo iliyoandika barua ile. Ila hesabu ilikuwa imekwisha kusomwa mjini humo.

Remond nchi yake ilimlipa vipi? Mwishoni mwa 1859 alitaka kwenda Ufaransa, akapeleka pasipoti yake kwenye ubalozi wa Marekani mjini London igongwe viza. Wakamkatalia: mtu mweusi si raia. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeshasema hivyo mwaka 1857. Baadaye alichukua uraia wa Uingereza, 1866 akaenda Florence kusomea uganga, akafia Rome mwaka 1894.

Katika hesabu yake Unguja haimo, na simlaumu. Lakini sisi tunaweza kuiongeza. Marobota ya merikani yalibebwa mabegani na wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na Ujiji, na huko bara nguo ndiyo ilikuwa fedha. Ilinunua chakula, ikanunua pembe, na mara nyingine ikanunua watu. Jasho la mtumwa wa Kusini mwa Marekani likageuka bei ya mtumwa wa huku, na faida ikatua Salem, kwa matajiri waliofanya karamu zao katika jumba liitwalo Hamilton Hall. Mpishi wa karamu hizo alikuwa mtu mweusi kutoka Curaçao, John Remond, baba yake Sarah.