Mchele wa Pakistan, mpunga wa Mwea

Ukipita Wang'uru, mji wa Mwea katika kaunti ya Kirinyaga, Novemba au Desemba, utaona mpunga umeanikwa juu ya maturubai kando ya barabara, watu wakiugeuza kwa miguu. Hayo ndiyo mavuno makuu ya Mwea. Basi Julai 2025, serikali ya Kenya ilipotangaza kwamba tani 500,000 za mchele zingeingia bila ushuru hadi Desemba 31, mkulima hakuhitaji mtaalamu wa kumfasiria tarehe hiyo. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Kerugoya, mpango ukasimamishwa, kisha nusu yake ikaruhusiwa.

Serikali ina hoja, tena nzito. Kenya haivuni hata nusu ya mchele inaoula. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa 2022, limeongeza maji mashambani, lakini Mwea peke yake haiwezi kuilisha nchi. Mama wa Kisauni, Mombasa, anayepimiwa kibaba dukani haulizi mchele umetoka wapi, anauliza bei. Pishori, mchele wa Mwea unaonukia, kwake ni ya Idi na ya wageni.

Halafu kuna chai. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa mchele ni asilimia 75, ila Kenya imejiombea nafuu ya kutoza 35. Pakistan, inayotuuzia mchele, ndiyo pia mnunuzi mkubwa wa chai yetu, na hakuna anayetaka kumuudhi mteja wa namna hiyo. Kwa hiyo mchumaji wa Kericho na mpanda mpunga wa Mwea wamefungwa kamba moja, wajue wasijue.

Lakini 35 ni kitu kimoja, sifuri ni kingine. Mkulima amekopa: maji, trekta, mbolea, vibarua wa kupandikiza na wa kufukuza ndege. Dalali akimwambia soko limejaa, atauza kwa bei atakayopewa, maana deni halingoji. Na ushuru uliosamehewa unapita kwanza mikononi mwa mwagizaji. Ni kiasi gani kinafika Kisauni, sijaona anayekihesabu.

Mimi sina ugomvi na meli. Nina ugomvi na kalenda yake. Mchele na uingie maghala ya Mwea yakiwa matupu, na uandikwe ulikotoka, kwa sababu kuna wafanyabiashara wanaouchanganya na pishori na kuuza gunia zima kwa jina la Mwea. Mnunuzi hugundua sufuria ikishachemka, harufu haipo.