Anayeanza ufinyanzi aanze na chungu cha kupikia

Watu wengi hapa Tanga wakisikia kwamba kila Jumamosi jioni niko darasa la ufinyanzi, swali lao la kwanza ni kama tunalo gurudumu. Wameona kwenye simu mtu ameketi, udongo unazunguka mbele yake, bakuli linainuka kati ya vidole. Nikijibu kwamba hatuna, na kwamba sote tunafinyanga kwa mkono chungu cha kawaida cha mchuzi, naona nyuso zinapoa. Wengine hunipa pole. Mimi naamini darasa letu limepatia, na ningependa kila atakayefungua darasa la namna hii, hapa au kwingineko pwani, aanzie hapo hapo: chungu cha kupikia, kwa mkono, kichomwe kwa moto wa wazi na aliyekifinyanga akiwapo.

Sababu yangu kubwa ni kwamba chungu kina hakimu wake, naye ni moto wa jikoni. Chombo cha kuwekwa kabatini kinaweza kuwa na ukuta mnene upande huu na mwembamba upande ule, na kikasifiwa miaka. Chungu cha kupikia kitakalia mafiga matatu, chini yake miali, ndani yake maji, na kila sehemu ya ukuta italazimika kutanuka na kusinyaa pamoja na mwenzake. Penye unene usiolingana ndipo ufa unapoanzia. Ndiyo maana chungu cha kwetu kina kitako cha mviringo. Mwanzoni nilidhani ni mtindo tu, kumbe ni hesabu: kona ni mahali joto linapogombana, na chungu kisicho na kona hulipokea joto kwa utulivu. Kwenye mafiga hakiyumbi, na kikiipuliwa huwekwa juu ya kata ya majani makavu ya mgomba. Somo zima la umbo nimelipata kwenye chombo ambacho bibi zetu wote walikuwa nacho jikoni.

Halafu kuna udongo wenyewe. Wetu huletwa kwa gunia, umekauka mabonge. Tunauvunja, tunauloweka, tunatoa mizizi na vijiwe, tunauacha ushike. Kisha tunachukua vigae vya vyungu vilivyovunjika, tunavitwanga kwenye kinu, tunachekecha, na unga wake tunauchanganya na ule udongo pamoja na mchanga kidogo. Kazi hii huchukua jioni nzima na mikono huuma. Wapo walioacha darasa kwa ajili yake, wakisema walikuja kujifunza kufinyanga, si kutwanga. Lakini hapa ndipo nusu ya ufinyanzi ilipo. Udongo ukikauka na kuchomwa husinyaa, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 12, na ukiwa mtupu husinyaa kwa nguvu hadi ukajipasua. Kigae kilishapita motoni, kimeshasinyaa tayari, kwa hiyo chembe zake hubaki zilivyo na kuushikilia ukuta. Chembe hizo hufanya kazi nyingine baadaye jikoni: ufa mdogo ukianza, hugonga chembe na kusimama badala ya kukimbia mpaka ukingoni.

Sasa gurudumu halipendi udongo wa namna hii. Linataka udongo laini, kwa sababu chembe zinazokwaruza huchubua viganja. Anayeanzia kwenye gurudumu hununua udongo uliokwisha andaliwa, akafungua mfuko na kuanza, na anaweza kumaliza mwaka bila kujua ndani yake mna nini wala kwa nini bakuli lake zuri linapasuka likipandishwa mekoni.

Kufinyanga kwenyewe kuna raha ambayo siwezi kuificha. Unaanza na bonge moja, unalibonyeza katikati kwa ngumi, unalizungusha huku vidole vya nje vikisikiliza vya ndani. Kisha unasokota udongo uwe kamba ndefu ndefu, unaupandisha juu ya ukingo, duru baada ya duru, na kila duru lazima iunganishwe na ya chini yake kwa kuvuta udongo wa juu ushuke, ndani na nje. Kifuu kilichonolewa ndicho cha kusawazishia ukuta. Mwalimu wetu ni bibi wa makamo ambaye alijifunza kwa mama yake, naye hafundishi kwa maelezo marefu. Mwenzangu mmoja alimwuliza, "Bibi, mbona changu kinakaa chini?" Akapitisha kidole tumboni mwa chungu, akasema, "Umekimbilia juu, mwanangu. Acha tumbo lishike kwanza, ndipo uweke shingo." Akaenda kwa mwingine.

Na hapo kwenye kushika ndipo darasa la mara moja kwa wiki linapokuwa gumu. Mfinyanzi wa kila siku huweka tumbo asubuhi, akalirudia baada ya saa chache likiwa limekaza kiasi, akaendelea. Sisi tunaondoka Jumamosi na kurudi Jumamosi. Kwa joto la Tanga, chungu kilichoachwa wazi wiki nzima kimekuwa kikavu kabisa, na udongo mbichi haushiki juu ya mkavu. Ukiuweka utaonekana umekubali, kisha utabanduka siku ya moto. Nimesikia watu wakisema kwa sababu hiyo kwamba ufinyanzi haufai kufundishwa kwa wiki. Sikubaliani nao. Tatizo lina dawa: ukingo unafungwa kitambaa kilichoroweshwa, juu yake gunia bichi, kisha ndoo inafunikwa kichwa chini juu ya vyote. Kitako kinaachwa kikaze taratibu, ukingo unabaki laini. Anayekaa karibu na uwanja wa darasa hupita katikati ya wiki kurudishia maji. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, vile vifuko vyembamba ambavyo mtu angevisha chungu haraka havizagai tena majumbani, na kwa kazi hii sioni hasara, maana gunia hupumua na nailoni huacha matone yanayolainisha mahali pamoja tu.

Mpangilio huu wa wiki umenifundisha hali ya hewa kuliko miaka yangu yote ya kukaa pwani. Masika, chungu kinakaa kivulini siku nyingi na bado kina unyevu. Upepo ukivuma kutoka baharini, upande unaoukabili hukauka kwanza, husinyaa kwanza, na kuuvuta ule mwingine, kwa hiyo vyungu vinapangwa nyuma ya ukuta na kugeuzwageuzwa. Hakuna kati ya hayo ambalo lingenifikia kama ningekuwa ninafinyanga na kumwachia mtu mwingine vyombo vyangu.

Siku ya kuchoma ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kila chungu huguswa shavuni kwanza. Kikiwa cha baridi, bado kina maji, kinarudi kivulini bila mjadala, kwa sababu maji yakifika nyuzi 100 za Selsiasi hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hung'oa kipande cha ukuta kwa kishindo. Vilivyofaulu huota moto mdogo mdogo hadi vipate joto, ndipo vinaporundikwa na kufunikwa makumbi ya nazi, kuni na majani makavu. Kati ya nyuzi 450 na 600 hivi hutoka maji mengine, yale yaliyofungamana na udongo wenyewe, na baada ya hapo hata ukikiloweka chungu mwezi mzima hakirudi tope. Moto wa wazi kwa kawaida hufika nyuzi 600 hadi 900. Matanuri ya vyombo vigumu vya kung'aa hupita 1,200, na wapo wanaohesabu tofauti hiyo kama upungufu wetu. Kwa chombo cha kwenda mafigani ni faida. Ukuta uliochomwa kwa moto wa kadiri hubaki na vinyweleo, hustahimili kupashwa na kupoa ghafla, wakati bakuli gumu lililoiva kabisa lingeweza kukatika vipande viwili juu ya miali hiyo hiyo. Vinyweleo hivyo hivyo ndivyo vinavyoyapoza maji mtungini. Chungu kipya tunakipikia kwanza uji mzito, wanga ukazibe vinyweleo, kisha kiko tayari kwa samaki wa nazi.

Kuna dhana nyingine inayonisumbua, kwamba gurudumu ni maendeleo na mkono ni ushamba. Nendeni kwenye magofu ya Tongoni, kusini mwa mji wetu, mkatazame yale makaburi ya nguzo. Wageni huonyeshwa mashimo ambamo mabakuli ya kutoka ng'ambo yalipachikwa, na ni haki waonyeshwe. Lakini katika miji ya kale ya pwani hii vigae vingi zaidi vinavyotoka ardhini ni vya vyungu vya hapa hapa, vilivyofinyangwa kwa mkono. Kuanzia karibu karne ya 7 hadi ya 10, vyungu vyenye michoro ya pembetatu shingoni vilitumika kutoka visiwa vya Lamu mpaka Msumbiji, na wanaakiolojia huvitumia vigae hivyo kutambua makazi ya wakati huo. Watu waliofanya biashara na Uajemi na India walipikia vyungu vya mkono. Vyombo vya gurudumu walivinunua. Jikoni walibaki na chao, na baada ya kuchoma vyungu vyangu ninaelewa kwa nini.

Elimu hii haikufika kwetu kwa vitabu. Milimani kwa Wasambaa ufinyanzi ni kazi ya wanawake, imepita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na wanaume hawakuwa na nafasi ndani yake. Katika darasa letu tumo wanaume kadhaa, mimi nikiwa mmoja, na nashukuru tumekubaliwa. Ninachoomba ni kwamba kazi hii ikianza kuleta fedha, jina na malipo vibaki kwa waliotufundisha. Nimesikia mtu akilalamika kwamba ada ni kubwa kwa kuchezea udongo. Mtu huyo huyo hulipia masomo ya kompyuta bila kuuliza. Mfinyanzi hulia gaeni, tunasema, na tumeizoea methali hiyo kiasi cha kuona ni sawa mwalimu wa ufinyanzi arudi nyumbani na nauli tu. Si sawa. Alipwe kama fundi anayefundisha ufundi.

Najua nitaambiwa sufuria zimejaa madukani na chungu hakina soko. Anayeanza hana haja ya soko mwaka wake wa kwanza, ana haja ya mkono unaojua unene bila kupima. Akishaupata, chetezo cha ubani ni kazi ndogo, mtungi ni subira zaidi, na vyote viwili Tanga vina wanunuzi. Akitaka gurudumu baada ya hapo, alikalie, na atalikalia akiwa anaujua udongo. Kitu kimoja tu nakikataa moja kwa moja, nacho ni rangi ya mafuta juu ya chungu cha kupikia. Inaungua, inatoa moshi mbaya, na inaziba vinyweleo ambavyo tumevihangaikia.

Yapo madarasa ambako mwanafunzi hufinyanga, kazi yake ikachukuliwa kwenda kuchomwa kwingine, naye akarudishiwa wiki nyingine ikiwa imefungwa kwenye boksi. Ni rahisi kwa kila mtu, na ndilo jambo ambalo ningeliondoa kwanza. Aliyepokea chungu kilichopasuka bila kuuona moto hawezi kujua kama ulikuwa unyevu, au unene, au upepo uliolaza miali upande mmoja, na chungu kinachofuata kitapasuka vilevile. Kwa hiyo anayetafuta darasa, kabla hajalipa ada, na aulize kama siku ya kuchoma wanafunzi watakuwapo wenyewe wakipanga kuni.