Megawati tunazo, nyaya je?

Mashine ya posho ikizimika ghafla hapa Kisenyi, Kampala, wabebaji hukaa juu ya magunia, kope zimejaa unga, na mwenye kinu hutoka nje kuitazama transfoma kwenye nguzo. Akirudi anazima swichi zote. Anajua kwamba umeme ukirejea ukiwa na nguvu pungufu, mota itaungua.

Wakati wa mgao wa 2005 na 2006, maji ya Ziwa Victoria yalipopungua, tuliambiwa shida ni uhaba wa mitambo. Sasa mitambo ipo. Karuma yenye megawati 600 ilizinduliwa rasmi Septemba 2024, na uwezo wa nchi nzima umepita megawati 2,000. Sehemu kubwa ya gharama ya Karuma ni mkopo wa benki ya Exim ya China, na mkopo hulipwa hata kama umeme wake haujamfikia mtu.

Ndiyo maana mjadala umehamia kwenye nyaya. Mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme uliisha 31 Machi 2025, na usambazaji ukarudi kwa shirika la serikali, UEDCL. Wanaounga mkono wana hoja nzito: mkataba ule uliihakikishia kampuni faida ya asilimia 20 kwa mwaka juu ya mtaji iliouweka, na faida hiyo tuliilipa sisi ndani ya bei ya yuniti. Serikali inaweza kupata mtaji kwa riba ndogo kuliko hiyo.

Wenye wasiwasi nao hawasemi ovyo. Kampuni ya Umeme ilipokea mtandao uliokuwa ukipoteza takriban asilimia 38 ya umeme wote, kwa wizi na uchakavu, ikauacha kwenye asilimia 16 hivi. Wateja waliokuwa chini ya 300,000 walipita milioni mbili. Aliyeishi zama za shirika la umma lililotangulia, UEB, haoni ajabu mtu akiogopa kurudi kule.

Mimi naona serikali ilifanya sawa kuuchukua mtandao, ila naogopa jinsi nafuu ile ya kuepuka faida ya asilimia 20 itakavyotumika. Rais Museveni amesisitiza kwa miaka mingi kwamba viwanda viuziwe umeme kwa senti tano za dola kwa yuniti. Kwa kiwanda cha chuma cha Jinja, ambacho umeme ni moja ya gharama zake kubwa, bei hiyo ni suala la kufa na kupona mbele ya washindani wa Kenya. Lakini viwanda vya namna hiyo ni vichache. Vinu, karakana za kuchomelea na maseremala wako mwisho wa laini ndogo, chini ya transfoma iliyozidiwa na nguzo ya mkaratusi iliyooza kwenye shina. Nafuu yote ikiishia kwenye kushusha bei, UEDCL itabaki bila fedha za kubadilisha nguzo hizo, na serikali haina mazoea mazuri ya kujazia pengo kwa wakati.

Kwa hiyo ningeanza na transfoma, na bei ishuke polepole. Saa za kukatika umeme zitangazwe kila mwezi, kituo kwa kituo, ili tuone fedha zinaenda wapi.

Kisenyi saa nane imefika, mahindi nusu yamo bado mdomoni mwa mashine. Yuniti za Yaka, mita ya kulipia kabla, mwenye kinu alizilipia tangu asubuhi.