Mvua Ikinyesha Bududa, "Hameni" Haitoshi

Kila msimu wa mvua redio za Mbale, mashariki mwa Uganda, hutangaza lile lile: wanaoishi milimani wahame, maporomoko ya udongo yasiwafukie. Wahamie wapi, lini, kutoka mteremko upi? Hapo unapigwa muziki.

Shangazi yangu analima kahawa huko juu Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Akisikia tangazo hilo husonya, kisha anaendelea kuchambua maharage yake. Simlaumu. Ukiambiwa uhame mwaka nenda mwaka rudi, na mlima bado haujakushukia, masikio huzoea.

Uswisi wana maporomoko ya theluji. Majira ya baridi hutolewa taarifa kila siku: hatari ni ya daraja gani, 1 hadi 5, eneo lipi, kuanzia mwinuko wa mita ngapi, miteremko inayoelekea upande gani. Mtu anajua leo asipite wapi. Najua, theluji si udongo, na wenzetu wana pesa. Ninachokitamani ni ule utaratibu wa kutaja mahali na siku.

Maana dalili za huku si siri. Mvua ya siku mfululizo hadi udongo umeshiba. Ufa uliokatiza katikati ya migomba. Miti iliyoanza kuinama. Chemchemi inayobubujika pasipokuwa na maji jana. Mto unaopungua ghafla huku mvua inanyesha, yaani umezibwa huko juu. Shangazi anazijua kunishinda. Asichokuwa nacho ni pa kulala usiku huo. Kijiji cha Nametsi, hapo hapo Bududa, Machi 1, 2010, hata kituo cha afya kilifukiwa, na waliohofiwa kufa walipita 300. Oktoba 2018 Mto Suume ukashusha matope na mawe Bukalasi, Bududa tena. Novemba 2024 ikawa zamu ya wilaya jirani, Bulambuli.

Serikali ilipeleka watu Kiryandongo, mbali upande wa magharibi, baadaye ikawajengea nyumba Bunambutye, bondeni chini ya mlima. Sawa. Lakini waliorudi mlimani wakaitwa wakaidi, kana kwamba kahawa yao ingeweza kung'olewa ikapandwa kwenye joto la bondeni, na makaburi ya wazee yakafuata nyuma kwa lori.

Mimi ningeanza na kidogo: kipimamvua kila kijiji, mtu wa kukisoma jioni na mwenye simu ya kupiga, na shule moja iliyo mbali na mteremko, milango wazi usiku wa mvua kubwa.

Nilimweleza shangazi. Akacheka. "Na mbuzi wangu, mwanangu, watalala darasa la ngapi?"

Mbuzi sikuwa nimewafikiria.